Majani ya Njano Chumbani kwa Bibi Hanna

Kila asubuhi Tabitha alikuwa wa kwanza kuamka. Alibandika chai jikoni, akafagia sebule, kisha akachukua jagi la maji na kuingia taratibu chumbani kwa mama mkwe wake. Saa hiyo Bibi Hanna alikuwa bado amelala, ameelekea ukutani. Tabitha alimwagilia ndoo tatu za mimea zilizopangwa pembeni mwa chumba, akatoka bila kumwamsha. Baada ya hapo alijiandaa kwenda mtaa wa Sokon I, ambako alikuwa na chumba cha kushonea nguo.

Familia yao iliishi Sekei, mjini Arusha, katika nyumba ya kupanga. Elihuruma, mume wa Tabitha, alikuwa fundi umeme. Binti yao Angel alikuwa shule ya bweni, na chumba chake ndicho alichopewa bibi yake.

Bibi Hanna hakuja mjini kwa kupenda. Maisha yake yote aliishi mlimani Meru, kwenye kihamba, shamba la nyumbani lenye kahawa na migomba, alichoachiwa na marehemu mumewe, Aminieli. Wakati wa mvua aliteleza kwenye mfereji akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji, na siku ya kutoka hospitali daktari alimwita Elihuruma pembeni.

"Mama asirudi kwenye mteremko na matope mpaka mguu upate nguvu," alisema. "Atembee kidogo kidogo kila siku kwa hii fremu ya kutembelea. Akianguka tena, sina hakika kama tutaweza kumsimamisha."

Basi akaletwa Sekei. Hakulalamika, lakini hakuwa na la kufanya. Mtu aliyezoea kuwa shambani kabla jua halijachomoza sasa alishinda kitandani akisikiliza redio ya jirani. Chakula alikigusa tu, kisha akasukuma sahani.

Elihuruma ndiye aliyepata wazo la ndoo. Alimwomba mjomba wake, Nathanael, alete udongo wa kihambani pamoja na mche wa mlimao ulioota chini ya mlimao wa Aminieli. Mti wenyewe ulikuwa umezeeka na kuanguka, kwa hiyo mche huo ndio uliobaki. Ndoo moja walipanda mlimao, ya pili pilipili hoho, ya tatu spinachi. Uwanja wa nyumba ulisakafiwa kwa saruji, na kuku wa wapangaji walizurura humo kutwa nzima. Ndoo zikawekwa chumbani.

Bibi Hanna alibadilika. Alianza kuketi kwenye kiti badala ya kulala. Alimwambia Tabitha habari za Aminieli, jinsi alivyokuwa akikamulia limao kwenye uji na kusema ndiyo dawa yake. Tabitha, aliyeolewa baada ya mzee huyo kufariki, alizisikia habari hizo kwa mara ya kwanza.

Kisha majani yakaanza kugeuka njano.

Yalianza ya spinachi, yale ya chini. Wiki iliyofuata pilipili ikalegea na kudondosha majani. Mwishowe na mlimao ukafuata. Majani yake mapya yalitoka yakiwa yamepauka. Bibi Hanna aliacha kuketi kwenye kiti. Akarudi kitandani, akaelekea ukutani.

Jioni moja Elihuruma aliketi ukingoni mwa kitanda chake.

"Mama, hujala tangu asubuhi."

"Sina njaa."

"Ni mimea tu, mama. Tutapanda mingine."

Bibi Hanna alivuta blanketi hadi mabegani. Kisha akasema, "Nyumba hii haioteshi kitu, mwanangu. Mlimao wa baba yako unakufa humu ndani, nami nitaufuata. Mwambie Nathanael aje na gari Jumamosi anichukue. Nataka kufia kwangu."

"Daktari alisema..."

"Nilimsikia daktari."

Elihuruma alitoka akakaa sebuleni bila kuwasha taa. Tabitha alimkuta ameshika simu mkononi.

"Utampigia mjomba?" aliuliza.

"Nitafanyaje? Ni mama yangu. Nimfunge kamba?"

Tabitha aliwasha taa. Alijua jinsi njia ya kihambani ilivyokuwa, utelezi mtupu kuanzia barabarani hadi mlangoni. Alijua pia watu wa ukoo wangesema nini kama mama angeanguka tena. Wangesema mkwe alishindwa kumtunza. Lakini jambo lililomkaa rohoni zaidi lilikuwa lingine. Mimea ile alikuwa akiimwagilia yeye. Ikiwa inakufa, huenda ilikuwa inafia mikononi mwake.

Kesho yake, kabla ya kwenda kazini, alichuma jani moja kutoka kila ndoo, akayafunga kwenye kipande cha kitambaa.

Tabitha alikuwa na mteja aitwaye Nalepo. Nalepo alikuwa afisa kilimo, mwenyeji wa Ngaramtoni, na wakulima wa huko walizoea kumwita bibi shamba. Siku hiyo alikuja kujaribu gauni lake la harusi ya dada yake. Alipomaliza kujaribu, Tabitha alikifungua kile kitambaa.

"Samahani, dada. Haya majani yana ugonjwa gani?"

Nalepo aliyageuza moja moja. Aliyatazama upande wa juu na upande wa chini.

"Wadudu sioni," alisema. "Lakini hili jani lilikuwa wapi kwenye mti? Chini au juu kabisa?"

"Sikumbuki. Nilichuma tu."

"Hapo ndipo ugumu ulipo. Jani likiwa peke yake halisemi yote. Nahitaji kuuona mmea wote, udongo wake, na mahali ulipo. Mmeupa dawa yoyote?"

"Bado. Nilitaka kununua mbolea leo nikitoka kazini."

"Usinunue kwanza. Mgonjwa hapewi dawa kabla ya kupimwa. Mimi hupita Sekei nikirudi nyumbani. Nije leo jioni?"

Tabitha alimweleza habari za mama mkwe na safari ya Jumamosi. Nalepo alisikiliza, akasema tu, "Nitakuja."

Jioni hiyo alipoingia, alianza kwa Bibi Hanna kabla ya kutazama ndoo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Naitwa Nalepo. Ni mtu wa kilimo, kutoka Ngaramtoni. Tabitha ameniomba nitazame mimea yako, kama utaniruhusu."

Bibi Hanna alimtazama bila kugeuza mwili. "Nimelima tangu mama yako hajazaliwa," alisema. "Kahawa, ndizi, maharage. Hakuna kilichonishinda ila humu ndani. Tazama tu. Lakini Jumamosi naondoka."

"Nimesikia, bibi. Sasa wewe ndiye utakayenieleza, maana mimea hii unakaa nayo kutwa. Ni majani gani yaliyotangulia kubadilika kwenye spinachi?"

"Ya chini. Ya zamani."

"Na kwenye mlimao?"

Bibi Hanna alifikiri. Alijiinua kidogo kwa kiwiko. "Mlimao ni ya juu. Haya mapya. Ya zamani bado ni ya kijani."

"Asante, bibi. Hilo ndilo swali la kwanza, na jibu lake linatofautisha ugonjwa mmoja na mwingine."

Nalepo alichuchumaa mbele ya ndoo ya spinachi. Alimwita Tabitha na Elihuruma wasogee.

"Mmea ukikosa chakula kinachoitwa naitrojeni, huwa hauachi watoto walale njaa. Unakinyonya kutoka majani ya zamani na kukipeleka kwa machanga. Ndiyo maana ya chini yanageuka njano, jani zima, na ya juu yanabaki kijani ingawa ni madogo. Hii spinachi ina njaa ya naitrojeni."

"Lakini udongo ni wa kihambani," alisema Bibi Hanna. "Ni mweusi, una rutuba."

"Ulikuwa na rutuba, bibi. Kule mlimani majani ya migomba yanaanguka yanaoza, mbuzi wanatoa samadi, na mizizi inakwenda mbali kutafuta. Kwenye ndoo mmea unakula kilichomo tu. Kikiisha, umeisha."

Alihamia kwenye mlimao. Alilishika jani changa, akalielekeza kwenye taa.

"Oneni hili. Limegeuka njano, lakini mishipa yake bado ni ya kijani. Limekuwa kama wavu. Mmea huu umekosa madini ya chuma. Chuma hakihami kutoka jani la zamani kwenda jipya kama naitrojeni, kwa hiyo majani mapya ndiyo yanayoumia. Mchoro kama huu ungekuwa kwenye majani ya zamani, ningesema umekosa magnesi. Na kingo za majani zingekuwa zimekauka kama zimeungua, ningefikiria potasi, au chumvi kuzidi kwenye udongo."

Aliparua udongo kwa kidole. Juu kulikuwa na tabaka la kijivu.

"Hiki ni nini?"

"Jivu la jiko," alijibu Bibi Hanna. "Nilianza kuliweka pale majani ya spinachi yalipobadilika. Nikaliweka kwenye ndoo zote. Migomba yangu nimeilea kwa jivu."

"Na ulifanya sawa, bibi. Udongo wa mlimani unapigwa na mvua nyingi, unakuwa na uchachu. Jivu linaupunguza uchachu huo, migomba inafurahi. Lakini jivu ni kama magadi. Ndoo ni ndogo, haina mvua ya kuosha, na maji yetu ya bomba hapa Arusha mara nyingi nayo yana magadi. Vikikutana, udongo unakishikilia chuma. Chuma kimo humo humo kwenye udongo, ila mzizi hauwezi kukichukua. Ni kama chakula kilichofungiwa kabatini."

Bibi Hanna aliteremsha miguu kitandani polepole. Tabitha aliona.

Ilibaki ndoo ya pilipili. Majani yake yalining'inia, mengine yalikuwa yameanguka sakafuni. Nalepo alizamisha kidole kwenye udongo mpaka kifundo cha pili. Kilitoka na matope. Alikinusa.

"Huu unanuka kama kisima kilichokufa. Nani anamwagilia?"

"Mimi," alisema Tabitha. "Kila asubuhi kabla sijatoka. Mama hawezi kubeba jagi."

"Mimi," alisema Bibi Hanna karibu wakati huo huo. "Kila mchana."

Wakatazamana.

"Mama, wewe unamwagilia?" Tabitha aliuliza. "Maji unayabebaje na fremu?"

"Nafunga chupa kwenye fremu kwa kipande cha kanga. Naenda jikoni, najaza, narudi. Nikichoka napumzika ukutani. Nilijua una kazi nyingi, nikasema nisikuongezee."

Tabitha aliketi kitandani kando yake. Siku zote hizo alidhani mama mkwe wake hatoki chumbani kutoka asubuhi mpaka jioni. Kumbe alikuwa akitembea, peke yake, kutoka chumbani hadi jikoni na kurudi, kama daktari alivyotaka.

"Nami nilikuwa namwagilia ukiwa umelala ili usihangaike," alisema.

Nalepo aliinamisha ndoo na kutazama chini yake. Haikuwa na tundu hata moja.

"Hilo ni langu," alisema Elihuruma kabla hajaulizwa. "Nilikataa kutoboa. Nilihofia maji yataharibu vigae vya mwenye nyumba."

"Basi kila mtu humu alikuwa anasaidia," alisema Nalepo. "Mmea unapumua kwa mizizi pia. Maji yakisimama, mizizi inakosa hewa na kuoza. Ukioza mzizi, mmea unanyauka kama wenye kiu, nanyi mkiona umenyauka mnaongeza maji. Yale maji mengi pia yameharibu chakula cha spinachi. Mbolea ambayo Tabitha alitaka kununua isingesaidia kitu. Mzizi uliooza hauli."

Kisha akasimama, akatazama dirisha. Lilikuwa dogo na mbele yake kulikuwa na ukuta wa jirani. Spinachi ilikuwa na mashina membamba yaliyoinama kuelekea huko.

"Na jambo la mwisho ni mwanga. Jua la asubuhi linaingia wapi nyumba hii?"

"Sebuleni," alijibu Bibi Hanna. "Linafika mpaka kwenye meza. Naliona nikipita."

"Basi zihamie huko."

Usiku huo hawakuahirisha kazi hadi kesho. Elihuruma alileta drili yake akatoboa ndoo chini, akaweka kokoto mbili tatu chini ya kila moja ili maji yapite, na sinia kuukuu la kuyapokea. Pilipili waliing'oa. Nalepo alionyesha mizizi ya kahawia iliyokuwa laini kama ugali uliolowa, akaikata kwa mkasi wa Tabitha, akaacha ile myeupe. Waliipanda upya kwenye udongo mkavu wa kihambani uliokuwa umebaki. Kwenye mlimao walikwangua jivu na udongo wa juu.

"Tafuteni samadi iliyooza vizuri," alisema Nalepo akinawa mikono. "Ikiwa bado ina harufu kali au joto, bado. Changanyeni na udongo wa spinachi kidogo tu, na juu ya mlimao pia. Jivu basi. Mvua ikinyesha kingeni maji, mmwagilie hayo. Mlimao ukitoa majani mapya na bado yana wavu, nendeni duka la pembejeo muulize mbolea ya chuma, mfuate kipimo cha kwenye pakiti. Kipimo kikizidi mtauchoma. Na kabla ya kumwagilia tieni kidole. Kikitoka kimekauka, mwagilieni. Kikitoka na udongo, acheni."

"Haya majani ya njano yatarudi kuwa kijani?" Bibi Hanna aliuliza.

"Spinachi, hapana. Yaliyokwisha kuharibika ondoeni polepole yakikauka. Usiyatazame hayo, bibi. Tazama yatakayotoka. Hayo ndiyo yatakayotuambia kama tumepatia."

"Yatatoka lini?"

"Spinachi itawahi. Mlimao ni mzito, utachukua wiki kadhaa."

Bibi Hanna alitazama ndoo zilivyobebwa kwenda sebuleni. Halafu alivuta fremu yake, akasimama, akazifuata. Ilikuwa mara ya kwanza Elihuruma kumwona mama yake akitoka chumbani bila kuombwa. Alikaa kwenye kiti cha karibu na dirisha ingawa nje kulikuwa giza na hapakuwa na cha kuona.

"Mwambie Nathanael asije Jumamosi hii," alisema hatimaye. "Aje nyingine. Na akija, alete samadi ya mbuzi. Ile ya nyuma ya zizi, ya zamani."

Nathanael alikuja, akaleta samadi, akanywa chai, akaondoka peke yake.

Tabitha na mama mkwe wake walikubaliana kwamba kumwagilia ni kazi ya Bibi Hanna. Tabitha aliona vigumu mwanzoni. Asubuhi alipita na jagi mkononi kwa mazoea, akasimama, akalirudisha jikoni. Bibi Hanna naye alianza kuamka mapema ili kufuata jua la sebuleni, na kwa kuwa alikuwa ameamka, walikunywa chai pamoja.

Spinachi ilikuwa ya kwanza kuitikia. Katikati yake yalitokea majani mapana, yenye rangi nzito. Pilipili ilichelewa. Kwa muda ilibaki na majani mawili tu, na Elihuruma alishauri itupwe, lakini Bibi Hanna alikataa. Kisha pale majani yalipokuwa yameanguka zikatokea ncha ndogo za kijani. Mlimao haukubadilika. Ulipotoa jani jipya, Bibi Hanna alilishika kama Nalepo alivyofanya, akalielekeza kwenye mwanga. Bado lilikuwa na wavu. Walinunua mbolea ya chuma, naye mwenyewe alisimamia kipimo. Jani lililofuata lilikuwa bora kidogo. Lililofuata hilo lilikuwa la kijani lote, likameta, na ukilisugua kwa kidole lilinukia limao.

Siku moja Tabitha alichelewa kazini. Sare za shule zilikuwa nyingi, akarudi Sekei amechoka, akiwaza kwamba bado hajapika. Alipofungua mlango alisikia harufu ya kitunguu. Bibi Hanna alikuwa jikoni, ameketi kwenye stuli, fremu kando yake, mwiko mkononi. Sufuriani kulikuwa na spinachi. Ugali ulikuwa tayari umefunikwa.

"Mama, ungesubiri nije."

"Majani yalikuwa yamekomaa. Yakikaa zaidi yanakuwa magumu. Nenda ukanawe."

Walikula watatu mezani. Bibi Hanna alimaliza sahani yake, akaongeza. Tabitha na Elihuruma waliendelea kula kama vile hawakuona, wakihofia kwamba wakisema ataacha.

Mwezi uliofuata daktari alimpima, akamwona anatembea na fimbo tu. Aliuliza alikuwa akifanya mazoezi gani.

"Nabeba maji," alisema Bibi Hanna.

Daktari alimruhusu kwenda mlimani, mradi mvua zimeisha na awe na mtu wa kumshika mkono kwenye njia. Jioni hiyo Elihuruma alizungumza na Nathanael kwa simu, wakapanga siku. Kisha akaketi karibu na mama yake. Alitaka kuuliza jambo na hakujua aanzie wapi.

"Nguo zako zote nizifungashe, mama?"

"Za kazi gani? Naenda kusalimia kaburi la baba yako na kuona kahawa. Nitalala kidogo, nirudi."

"Utarudi huku mjini?"

Bibi Hanna alimtazama Tabitha, aliyekuwa akikunja nguo upande wa pili wa meza.

"Nisiporudi," alisema, "mkeo ataizamisha pilipili yangu."

Tabitha alicheka, na mama mkwe wake akacheka naye. Kisha Bibi Hanna akasimama kwa fimbo yake, akaenda dirishani, akatia kidole kwenye ndoo moja baada ya nyingine.